Trekta Lililochemsha Shambani na Kutulia Barabarani: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Magu

Kisa hiki kinahusu trekta dogo la petroli la silinda nne, lililotengenezwa Uingereza katika miaka ya 1950, ambalo hadi leo linalima katika shamba moja lililopo kati ya Kisesa na Magu, mkoani Mwanza, upande wa ziwani wa barabara iendayo Musoma. Trekta la petroli limekuwa kitu adimu Kanda ya Ziwa. Fundi kijana anaweza kukaa gereji miaka mingi asikutane na hata moja, kwa kuwa karibu matrekta yote yanayolima sasa ni ya dizeli. Uadimu huo ni sehemu ya kisa chenyewe. Mafundi walioligusa trekta hili kabla yangu walilitazama kwa macho ya dizeli, wakatafuta ugonjwa kwenye maji peke yake, na siku ya kwanza mimi mwenyewe sikuwa mbali nao.

Mwenye trekta ni mzee mkulima wa pamba na mpunga. Alinipigia simu katikati ya Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekwisha kulainisha ardhi na kila mwenye jembe akikimbizana na msimu. "Fundi, hili trekta linaniaibisha," alisema baada ya salamu ndefu. "Majirani wameshanilipa ekari zao, nami nikilima dakika ishirini na tano tu linachemsha, tunakaa chini ya mwembe tukisubiri lipoe. Siku nzima inaishia kwenye kusubiri."

Nilimwomba anieleze kwanza yaliyokwisha kufanyika, kwa sababu trekta lililopita mikononi mwa mafundi kadhaa huwa na magonjwa mawili, lile lililozaliwa nalo na lile lililopewa. Rejeta ilikuwa imeshushwa na kupelekwa mjini, ikafunguliwa matangi, mirija ikapitishwa vyuma vyembamba mmoja baada ya mwingine, kisha ikachomelewa upya. Mkanda wa feni ulikuwa mpya. Thamostati, ile valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto, ilikuwa imetolewa na kutupwa. Mwishoni silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda, ilifunguliwa, ikasawazishwa na kuwekewa gasketi mpya ya kuziba maungio, kazi iliyomgharimu kuliko zote zilizotangulia zikijumlishwa. Baada ya kila kazi trekta lilirudishwa shambani, na kila mara lilichemsha kwenye dakika zile zile.

Kabla sijapanda gari kutoka Nyakato, jijini Mwanza, nilimwuliza maswali matatu, na majibu yake ndiyo yaliyobeba uchunguzi wote uliofuata. Je, linachemsha likisimama huku injini ikiunguruma? Hapana, linaweza kuunguruma nusu saa bila tatizo. Je, linachemsha likivuta tela barabarani? Hapana, hata likiwa na mchanga. Je, shambani linachemsha kila mahali sawasawa? Hapo mzee alifikiri kidogo, kisha akasema kwamba kwenye luseni, yaani udongo mwepesi wa kichanga ulioko juu ya mteremko, hujikokota karibu dakika 40, lakini likishuka kwenye mbuga, ule udongo mweusi mzito wa bondeni, halimalizi nusu saa.

Majibu hayo yalikuwa yamekwisha kufuta mambo kadhaa. Thamostati iliyoganda ikiwa imefunga, au mkanda uliolegea, au pampu ya maji iliyokwisha mapanga, kwa kawaida haichagui udongo; injini huchemka hata trekta likiwa limesimama, au walau barabarani. Injini inayochemka pale tu inapobebeshwa mzigo mzito kwa mwendo wa polepole inakuambia mojawapo ya mambo mawili: ama uwezo wa kupoza umepungua kidogo tu, kiasi kwamba upungufu hauonekani mpaka mzigo uje, ama joto linalozalishwa ndani limekuwa jingi kuliko inavyostahili kwa mzigo ule. Mafundi waliotangulia walishika la kwanza, na la pili halikuwajia.

Mzee aliniambia pia kwamba wanaongeza maji lita nne hivi kwa kila saa ya kulima. Nilipata hesabu hapo, nikaifanya njiani kwa kalamu. Lita moja ya maji yaliyokwisha kufikia kuchemka huhitaji takribani kilojuli 2,260 ili yote igeuke mvuke. Lita nne ni kilojuli 9,040, na ukizigawanya kwa sekunde 3,600 za saa moja unapata kilowati 2.5. Injini ya ukubwa huu inapolima kwa nguvu hupeleka kwenye maji yake joto la kilowati 20 hivi. Kwa hiyo joto lililokuwa likiishinda rejeta halikuzidi sehemu moja ya nane ya joto lote, na huenda lilikuwa pungufu ya hapo, maana maji yanayochemka kwa fujo hutoka mengine yakiwa bado maji, yakitapikwa kupitia bomba la kumwagia. Rejeta iliyoziba kweli kweli isingekosea kwa kiasi kidogo namna hiyo. Mfumo ulikuwa karibu kutosha, na kitu fulani kilikuwa kimeusukuma kidogo tu upande wa pili.

Kuna jambo la mahali petu linalofanya ule msukumo mdogo uonekane haraka. Uso wa Ziwa Victoria uko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, si 100. Mfuniko wa rejeta wenye springi inayoshikilia shinikizo hupandisha kiwango hicho, lakini wa trekta hili ulikuwa umekwisha mpira zamani, ukawa unafunika vumbi tu. Injini ambayo Dar es Salaam ingefika nyuzi 97 na kuendelea na kazi, Magu ilikuwa inatoa mvuke.

Nilifika asubuhi, tukasalimiana, nikaanza na maji kama walivyoanza wenzangu, kwa sababu upande huo ndio rahisi kupima na sikutaka kuudharau. Injini ikiwa baridi nilitoa mkanda wa feni ili pampu isichanganye maji, nikajaza rejeta mpaka shingoni, nikaiwasha na kutazama uso wa maji kwa dakika moja na nusu. Gasketi ya silinda hedi inapovuja, moshi wa ndani ya silinda husukumwa kwenye njia za maji na mapovu huanza kupanda mapema, kabla ya joto lolote. Maji yalitulia kama ya kwenye beseni. Gasketi ilikuwa nzima, na kwa kadiri nilivyoona, hata ile ya kwanza iliyotolewa huenda haikuwa na kosa.

Nikarudisha mkanda, dereva akapanda, tukalima. Dereva ni kijana wa mzee huyo, wa miaka 20 na kitu. Baada ya dakika 20 nilimsimamisha nikapima hozi ya juu na ya chini za rejeta kwa kipimajoto kile cha kuelekeza kama bastola. Kwa wanaokitumia, kipimeni mpira au chuma kilichopakwa rangi nyeusi, si shaba inayong'aa, kwa maana juu ya kitu kinachong'aa husoma chini sana na kukudanganya. Hozi ya juu ilisoma nyuzi 95, ya chini 86. Tofauti ya nyuzi 9 kwenye injini yenye mzigo ni ya kuridhisha: maji yanapita na feni inavuta hewa. Kama rejeta ingekuwa imeziba ndani, ningetarajia maji machache yapite, hozi ya chini iwe baridi mno na sehemu za uso wa rejeta ziwe za ubaridi zinapopapaswa. Uso wote ulikuwa wa moto kwa usawa.

Kulikuwa na kasoro moja upande wa maji, na nusura initosheleze. Kwenye ubavu wa bloki, yaani mwili wa injini, nyuma, kuna koki ndogo ya kumwagia maji. Niliifungua, hakikutoka kitu. Nikaichokoa kwa waya wa spoki ya baiskeli, ukaingia urefu wa kidole ndipo likatoka tope la rangi ya chai ya maziwa, zito, likidondoka kwa vipande. Miaka yote hiyo rejeta imekuwa ikijazwa kwa ndoo kutoka ziwani. Maji ya ziwa letu ni laini, yana chumvi kidogo, kwa hiyo hayajengi yale magamba meupe ambayo visima vyenye chumvi hujenga ndani ya injini. Lakini yakichotwa ufukweni, palipo na matete na magugumaji, huja na matope laini na uozo wa majani, na vyote hivyo hutulia mahali ambapo maji huenda polepole, yaani nyuma ya bloki, kuzunguka silinda ya nne. Tulilisafisha kwa kusukuma maji kwa hozi kutoka juu mpaka yakatoka meupe, kazi iliyochukua saa mbili na iliyotulowanisha sote.

Baada ya hapo trekta lililima mbuga dakika 35 badala ya 25. Mzee alifurahi, akaagiza chai. Nakiri kwamba nilitamani sana kukunja vifaa vyangu na kuondoka, kwa sababu nilikuwa nimepata uchafu wa kuonekana kwa macho, na uchafu wa kuonekana humridhisha mwenye mali kuliko maelezo yoyote. Lakini dakika 35 si uponyaji. Trekta hili, kwa maneno ya mzee mwenyewe, lilikuwa likilima tangu asubuhi hadi jua la saa sita bila kuguswa, na lilifanya hivyo likiwa na tope lile lile, maana tope la unene ule halijengeki kwa msimu mmoja. Tope lilikuwa mzigo wa zamani ambao injini ilikwisha kuuzoea. Kilichokuja juzi kilikuwa kingine.

Niseme hapa neno moja juu ya thamostati, kwa sababu tabia ya kuitoa imeenea mno gereji zetu. Injini inapochemsha, kitu cha kwanza kinachotupwa ni hicho. Kama ilikuwa imeganda, kuitoa kunasaidia leo. Kama haikuwa imeganda, hakusaidii kitu, na kwenye injini zenye njia ya pembeni ya maji kunaweza hata kuruhusu maji ya moto kuzunguka ndani bila kupita kwenye rejeta. Halafu siku ambazo hakuna mzigo, injini haifikii joto lake, petroli isiyoungua vizuri inateremka ukutani mwa silinda na kuingia kwenye oili. Thamostati hupimwa kwa dakika kumi, ndani ya sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, ukaona inafunguka nyuzi ngapi. Ya trekta hili haikupimwa.

Nilibaki hadi jioni, na jioni ndiyo iliyosaidia. Jua lilipozama dereva alikuwa anamalizia mstari wa mwisho upande wa bondeni, nami nikitembea kando ya trekta. Giza lilipoanza kushika niliona manifoldi ya moshi, yaani bomba linalokusanya moshi wa silinda zote, pale bomba la silinda ya pili na ya tatu linapokutana, imekuwa nyekundu, wekundu hafifu wa mkaa uliofunikwa na majivu, ambao mchana usingeonekana kabisa. Chuma huanza kuonekana chekundu gizani kinapopita nyuzi 500 na kitu. Sikusema hapo hapo kwamba nimepata jibu, kwa kuwa injini ya petroli iliyobebeshwa mzigo wote inaweza kuwasha manifoldi yake kidogo hata ikiwa nzima. Lakini wekundu huo ulihamisha fikra zangu kutoka kwenye maji hadi kwenye moto. Moshi ulikuwa ukitoka ndani ya silinda ukiwa bado na joto ambalo lilipaswa kuwa limetumika kusukuma pistoni.

Tulipozima injini nilimwuliza dereva swali ambalo ningepaswa kulianza nalo asubuhi: zaidi ya kuchemsha, ni kitu gani kingine kimebadilika?

"Nguvu zimepungua, kaka. Zamani hapa bondeni nilikuwa nalima na gia ya pili, sasa ni ya kwanza tu. Na linakula mafuta. Dumu la lita 20 lilikuwa linapita ekari mbili na nusu, sasa mbili kwa shida."

"Na kuwaka je?"

Akacheka. "Kuwaka ndiyo limekuwa zuri. Zamani hendeli ilikuwa inapiga mkono balaa. Ilinivimbisha hapa wiki mbili." Akanionyesha kifundo cha mkono wa kulia. "Baba akamwita fundi, akalirekebisha. Tangu siku hiyo limekuwa pole, hata mtoto anaweza kulizungusha."

Kaeni na maneno hayo kidogo, kwa sababu kisa chote kimo humo. Betri ya trekta ilikuwa imekufa, kwa hiyo likawa linawashwa kwa hendeli. Hendeli hupiga mkono pale cheche inapowahi mno: mchanganyiko wa petroli na hewa unawaka wakati pistoni bado inapanda polepole kwa nguvu ya mtu, mlipuko unairudisha chini kinyume, na hendeli inageuka nyuma pamoja na mkono ulioishika. Trekta lililokuwa likipiga mkono likawa pole ghafla baada ya fundi kuligusa. Kuna njia moja ya haraka ya kupata matokeo hayo, nayo ni kulegeza distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda, na kuinyonga kidogo ili cheche ichelewe. Nilimwuliza lilianza kuchemsha lini. Wakatazamana, baba na mwana, wakahesabu kwa misimu, wakakubaliana kwamba ni msimu ule ule.

Asubuhi iliyofuata niliazima taa ya taimingi, yaani ya kuonyesha wakati cheche inaporuka, kwa fundi mmoja wa magari ya zamani pale Nyakato nikarudi Magu. Kwanza nilitoa plagi ya silinda ya kwanza, nikaingiza bua jembamba la mtama, nikazungusha injini polepole mpaka bua lilipofika juu kabisa, nikatia alama ya chaki nyeupe kwenye puli ya krenki, ile shafti inayozungushwa na pistoni, na nyingine mkabala wake kwenye kifuniko. Puli ina kipenyo cha milimita 130, kwa hiyo mzunguko wake ni milimita 408, na nyuzi moja ya mzunguko wa krenki ni milimita 1.13 ukingoni mwa puli. Hesabu hii ndogo humwezesha mtu kupima taimingi kwa rula ya mtoto wa shule pale alama za kiwandani zinapokuwa zimefutika. Injini ikiunguruma taratibu, taa ilionyesha cheche ikiruka milimita 5 kabla ya pistoni kufika juu, yaani nyuzi 4 na kitu. Hiyo peke yake haikuwa mbaya. Nikamwambia kijana aongeze mafuta mpaka mwendo wa kulima. Alama ya chaki haikusogea. Nyuzi 4 taratibu, nyuzi 4 kwa mwendo wa kazi.

Wasiowahi kufungua distributa wataniwia radhi kwa maelezo haya. Mchanganyiko wa petroli huchukua muda kuungua, na muda huo haupungui kwa kasi ile ile ambayo injini inaongeza mizunguko. Pistoni ikienda haraka, cheche lazima iruke mapema zaidi ili msukumo mkubwa uifikie pistoni ikiwa imeanza tu kushuka. Kwa hiyo ndani ya distributa, chini ya sahani ya pointi, ile swichi ndogo inayokata umeme ili cheche iruke, kuna vizito viwili vidogo vilivyofungwa kwa springi. Mwendo ukiongezeka vinatanuka kwa nguvu ya mzunguko na kuwahisha cheche, mwendo ukipungua springi zinavirudisha. Nilifungua kifuniko, nikashika rota, kipande cha juu kinachozunguka, kwa vidole na kujaribu kuinyonga. Rota nzima hunyongeka kidogo kisha huruka yenyewe kurudi. Hii ilikuwa kama imechomelewa. Tulipotoa sahani ya pointi tulikuta grisi ya miaka mingi imekauka ikawa kama gundi ya viatu, na vizito vyote viwili vimegandia humo vikiwa vimetanuka, yaani mahali pa mwendo wa kasi.

Hapo mnyororo wote ulijipanga. Vizito vilipogandia nje, cheche ilikuwa ikiruka mapema hata injini inapozungushwa kwa mkono, ndiyo maana hendeli ilipiga. Trekta wakati huo lilikuwa hatari kuliwasha, lakini shambani lilikuwa sawa, kwa sababu kwa mwendo wa kulima cheche ilipaswa kuwa mapema vile vile. Fundi wa kwanza aliombwa aponye mkono, akauponya kwa kunyonga distributa nzima. Kuanzia hapo lilikuwa jema kuliwasha na bovu kulima. Simlaumu kwa ukali. Alitatua alichoitiwa, na mwezi ule hapakuwa na kulima ambako kungemwonyesha upande wa pili.

Cheche iliyochelewa hupasha maji moto hivi. Petroli inaendelea kuungua wakati pistoni imekwisha kushuka sehemu kubwa ya njia yake, na valvu ya moshi inafunguka huku gesi zikiwa bado kali. Gesi hizo zinapita kwenye njia za moshi zilizomo ndani ya silinda hedi, ambazo zimezungukwa na maji, na kuyapasha kuliko kawaida kabla hazijafika kwenye manifoldi. Wakati huo huo nguvu kwenye krenki imepungua, kwa hiyo dereva anafungua mafuta zaidi ili kuvuta jembe lile lile, na joto linaongezwa mara ya pili. Barabarani, mzigo ukiwa mdogo na mafuta yamefunguliwa kidogo, ziada hiyo rejeta inaimeza. Kwenye mbuga haiwezi. Zile kilowati 2.5 zilikuwa zinatoka hapa. Dizeli nayo huchemka taimingi yake ikiharibika, lakini taimingi ya dizeli imo kwenye pampu ambayo fundi wa kawaida haigusi ovyo, wala hakuna anayeinyonga kwa spana moja dakika tano ili kuponya mkono wa mtu. Ndiyo maana aliyekulia kwenye dizeli akisikia "linachemsha" macho yake huenda moja kwa moja kwenye rejeta.

Kabla ya kufunga kazi nilihakikisha jambo jingine la moto, nalo ni uhaba wa petroli kwenye mchanganyiko, ambao pia hupandisha joto. Plagi zilikuwa za rangi ya kahawia iliyofifia, si nyeupe zenye malengelenge. Nilipulizia maji kwa chupa ya kunyunyizia kwenye maungio ya manifoldi ya hewa wakati injini inaunguruma. Kama hewa ingekuwa ikiingia kwa wizi, mlio ungebadilika. Haukubadilika, nami sikuendelea na kabureta.

Tuliosha vizito kwa petroli na mswaki, tukavipa tone la oili nyepesi badala ya grisi, tukahakikisha springi zinavirudisha. Pointi nilizipima nafasi kwa fila, vibapa vyembamba vya kupimia uwazi, kabla ya kugusa taimingi, kwa sababu mpangilio ukigeuzwa kazi inarudiwa: nafasi ya pointi ikipungua zinachelewa kufunguka na cheche inachelewa nazo, kwa hiyo nafasi huja kwanza na taimingi baadaye. Sikuwa na kitabu cha trekta hilo. Nikaweka cheche nyuzi chache kabla ya kilele kwa mwendo wa taratibu, nikatazama kwa taa: kwa mwendo wa kulima chaki ilisogea hadi milimita 27, karibu nyuzi 24. Kisha tukalipeleka kwenye mteremko na jembe ndani, gia ya pili, mafuta yote, nikasikiliza kama kuna ule mlio mkavu wa kugonga wa cheche iliyowahi mno. Haukuwepo. Injini hii ina mgandamizo mdogo na petroli ya leo inauvumilia bila shida.

Mbuga ile ile, jembe lile lile, tulilima saa moja na dakika 10 bila kusimama. Hozi ya juu ilipanda hadi nyuzi 87 ikakaa hapo, mara moja tu ikagusa 88 tulipogeuka tukiwa tunasukumwa na upepo kutoka nyuma, jambo ambalo hupunguza hewa ya rejeta. Nilisubiri giza tena nikaitazama manifoldi. Ilikuwa nyeusi.

Hendeli niliijaribu mwenyewe, kwa mkono wa kushoto, nikivuta kwenda juu na kidole gumba kikiwa upande mmoja na vidole vingine ili ikirudi isikute kitu cha kukamata. Haikurudi. Hata hivyo nilimwambia mzee kwamba hendeli ndiyo iliyozaa haya yote na kwamba betri ni bei ndogo ukilinganisha na ile gasketi. Betri aliinunua wiki hiyo hiyo, pamoja na mfuniko wa rejeta, na ndoo ya maji sasa inajazwa kwenye bomba la nyumbani. Thamostati ya injini ile bado sijaipata Mwanza. Ikivuta tela asubuhi, hozi ya juu haipiti nyuzi 60, na oili nimewaagiza waibadilishe kwa nusu ya muda wa kawaida mpaka hapo itakapopatikana.